Buloni Moja Iliyokosekana

Masomo: Hesabu 4:29-33, Kumbukumbu la Torati 19:4-5, Kutoka 21:28-30

 

Leo nitasema juu ya kipande cha chuma kinachotosha katika kiganja cha mkono. Nitasema juu ya buloni. Ninawaomba msifunge radio, kwa maana hiyo buloni ilinifundisha Neno la Mungu kuliko masomo mengi niliyoketi kusoma katika chuo cha Biblia. Ilinifundisha kwa uchungu.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba kituo chetu cha afya kilikuwa na pikipiki ya kubebea wagonjwa. Si pikipiki ya kawaida. Ubavuni mwake, upande wa kuume, kulikuwa kumefungwa kitanda chenye gurudumu la tatu na kifuniko cha turubai. Wengine huita saidikari. Katika nchi nyingine za Afrika, kama Malawi na Sudani Kusini, pikipiki za namna hii zilibeba akina mama wajawazito mahali ambapo gari halifiki. Na sisi tulimshukuru Mungu kwa yetu. Kabla yake, mama mwenye uchungu wa kuzaa alibebwa kwa tipoi, vijana wanne mabegani, saa nyingi, usiku na mvua.

Barabara yetu ya kando ya ziwa Tanganyika mnaijua. Ina mikunjo kama mabati, ina mawe, ina mito inayokula kingo zake kila masika. Pikipiki ikipita hapo inatetemeka tangu usukani mpaka gurudumu la nyuma. Kutetemeka huko ndiko adui wa buloni. Ekru haifunguki kwa siku moja. Inalegea kidogo leo, kidogo kesho, unywele mmoja, unywele mwingine, na dereva hasikii. Siku moja inaanguka barabarani, na mtoto anaiokota anachezea.

Ndugu yetu dereva alikuwa mtu mwaminifu. Kila asubuhi alizunguka pikipiki yake kwa macho na kwa mikono. Jumatatu moja akaja nyumbani kwangu kabla ya saa mbili. Akaniambia: «Pasta, buloni ya mkono wa chini wa mbele, ule unaoshika kitanda, imeanguka. Nimetia kipande cha chuma cha kujengea nyumba na kukifunga kwa waya. Hicho si chuma cha kazi hii. Tafadhali unipe pesa ninunue buloni ya kweli.»

Nilikuwa na haraka. Tulikuwa tukipokea wageni wa mkutano wa injili. Nikamjibu: «Sawa ndugu, tuvumilie mpaka Jumapili, sadaka ikiingia tutanunua. Kwa sasa tuiombee.» Tukatoka nje, tukaweka mikono juu ya ile pikipiki, nikaomba kwa nguvu. Nikaifunika kwa damu ya Yesu, gurudumu kwa gurudumu. Dereva akasema Amina. Kisha akaenda kazini.

Alhamisi usiku wakaja kutuamsha. Mama mmoja alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mtoto hakushuka. Infirmye akasema hapa hatuwezi, aende hospitali kubwa. Wakamlaza katika kitanda cha pikipiki, mama mkwe wake akapanda nyuma ya dereva. Mvua ilikuwa imenyesha. Mahali ambapo barabara inateremka kwenda mtoni, kile kipande cha chuma kikakatika. Mkono wa chini ukachomoka, kitanda kikageuka upande, pua yake ikachimba udongo, na pikipiki ikapinduka.

Dereva akavunjika mguu chini ya goti. Mama mkwe akaumia bega. Yule mama mwenye uchungu akatupwa katika matope. Watu wa kijiji cha karibu wakasikia kilio, wakatoka na taa, wakatengeneza tipoi kwa miti na vitenge, wakawabeba. Walifika hospitali kulipokucha.

Mama aliishi. Mtoto hakuishi.

Nilimwuliza muganga kama mtoto angeishi iwapo wangefika usiku. Akaniambia hawezi kusema. Mimi pia siwezi kusema, wapendwa. Ndilo jambo ninalolala nalo na kuamka nalo.

Sasa sikieni nilichofanya Jumapili. Nilisimama madhabahuni nikasema kwamba shetani ameshambulia kazi ya Mungu. Nikasema adui hakupenda mkutano wetu wa injili, ndiyo maana alipiga pikipiki yetu. Kanisa lote likasimama, tukamkemea shetani kwa muda mrefu. Watu walilia. Mimi pia nililia.

Jumatatu nikaenda hospitali kumtazama dereva. Mguu wake ulikuwa umefungwa. Nikamweleza jinsi kanisa lilivyoomba na kumkemea adui. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa maana ni mtu wa heshima. Kisha akasema kwa sauti ya chini: «Pasta, unisamehe. Shetani hakutoa ile buloni. Ilianguka kwa kutetemeka. Na mimi nilikuambia Jumatatu.»

Wapendwa, sikuwa na jibu. Niliketi pale kando ya kitanda chake kama mtu aliyepigwa.

Kwanza: Mungu anajua vigingi kwa majina

Niliporudi nyumbani nilifungua kitabu cha Hesabu, sura ya 4. Ni sura ambayo wengi tunairuka, kwa maana imejaa hesabu ya Walawi. Mungu anagawa kazi ya kubeba hema jangwani. Wana wa Kohathi wanapewa sanduku la agano, meza na kinara: vitu vitakatifu, vitu ambavyo kila mtu angependa kubeba. Wana wa Gershoni wanapewa mapazia. Na wana wa Merari wanapewa nini? Mbao, nguzo, vitako, vigingi na kamba. Vyuma na miti. Vitu vinavyoshika hema lisianguke.

Tazameni mstari wa 32. Ni hapo, kwa mzigo wa wana wa Merari, Mungu anapoagiza kwamba vyombo vihesabiwe kwa majina, kila mtu ajue kilicho chake. Waliohesabiwa kwa kazi hiyo walikuwa watu 3,200, wenye miaka 30 mpaka 50, na msimamizi wao alikuwa Ithamari, mwana wa Haruni kuhani. Yaani kuhani mwenyewe alisimamia vigingi!

Kwa nini kwa majina? Kwa sababu sanduku la agano likikosekana, Israeli wote wataona. Kigingi kimoja kikisahauliwa jangwani, nani ataona? Hakuna, mpaka usiku wa upepo. Ndipo pazia linapeperuka na nguzo inainama juu ya sanduku lenyewe.

Sisi wachungaji tunapenda kuwa wana wa Kohathi. Tunapenda madhabahu na kipaza sauti. Lakini usiku ule mimi nilikuwa Ithamari, na kigingi kilikosekana mkononi mwangu. Dereva wetu alikuwa mwana wa Merari aliyefanya kazi yake. Alikijua kigingi kwa jina, akaja akaniambia. Kuhani ndiye aliyekuwa na haraka.

Pili: shoka na ng'ombe

Katika Kumbukumbu la Torati 19, Biblia inasema juu ya mtu anayekwenda msituni na jirani yake kukata kuni. Anainua shoka, chuma kinachomoka katika mpini, kinampiga jirani, naye anakufa. Hiki ni kifungo kilicholegea, ndugu motari! Sheria ya Mungu ilikijua zamani, kabla ya kuwa na pikipiki. Mtu yule hakuwa na chuki, wala hakujua. Mungu akamwekea mji wa kukimbilia.

Lakini fungueni Kutoka 21. Hapo kuna ng'ombe anayepiga watu kwa pembe. Kama hakuwa na tabia hiyo zamani, mwenyewe hana hatia. Bali kama alikuwa na tabia hiyo, na mwenyewe alionywa, naye hakumfunga, akaua mtu, basi mwenye ng'ombe ana hatia ya damu.

Mmeona tofauti? Katika shauri lote hili swali ni moja: je, ulijua? Je, uliambiwa?

Mimi nilikuwa nimejihesabu kati ya watu wa shoka. Nilisema ni ajali. Lakini niliambiwa Jumatatu, kabla ya saa mbili, mlangoni pangu. Mimi ni mwenye ng'ombe. Na wewe unayenisikiliza leo, jiulize: umeambiwa nini ambacho hujakifunga? Patroni, motari wako alikuambia nini juu ya breki? Papa, mke wako alikuambia nini juu ya ukuta wa jikoni unaoinama? Mzee wa kanisa, nani alikuambia juu ya ubao uliooza wa daraja mnalopita mkienda kwenye ibada?

Tatu: maombi yana mikono

Msinielewe vibaya. Siwaambii msiombee pikipiki. Mimi bado ninaomba kabla ya safari, na ninaamini Mungu analinda. Lakini Nehemia 4:9 inatufundisha kwamba watu waliomba, tena wakaweka walinzi usiku na mchana. Na Bwana wetu Yesu, alipopandishwa juu ya kinara cha hekalu, alikataa kujitupa chini, akasema haifai kumjaribu Mungu (Mathayo 4:7). Kuweka mikono juu ya pikipiki ambayo unajua haina buloni, kisha kumlaza humo mama mjamzito, siyo imani. Ni kujitupa kutoka juu ya kinara, tena kumtupa mtu mwingine.

Kwa hiyo nitawaambia motari na wenye pikipiki jinsi dereva wetu alivyonifundisha baadaye, mimi nikiwa nimepiga magoti chini nikishika taa. Maana alipopona alinichukua kila Jumatatu, kwa muda wa mwezi mzima, nijifunze kwa mikono yangu.

Fanya kazi hii asubuhi, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kwanza osha udongo. Matope yanaficha dhambi nyingi! Kisha tazama kwa macho. Ukiona unga mwekundu wa kutu unatoka kando ya kichwa cha buloni, au chuma kinang'aa mahali vipande viwili vinaposuguana, au rangi imepasuka kwenye kiungo, hapo kitu kinacheza. Tundu lililokuwa duara likiwa limekuwa refu kama yai, buloni imelegea muda mrefu, na kukaza tu hakutoshi.

Kisha shika kwa mkono. Shika kitanda cha pembeni, ukitikise mbele na nyuma, juu na chini. Kwa kawaida kimefungwa kwa mikono minne: miwili ya chini inabeba uzito, miwili ya juu inakizuia kisilale. Gusa kila mmoja, uhesabu moja, mbili, tatu, nne, kama wana wa Merari. Shika gurudumu la kitanda, ulivute kushoto na kuume, lisicheze. Tazama ekru ya ekseli yake na pini yake. Kisha uje kwa pikipiki yenyewe: ekru ya gurudumu la nyuma, buloni zinazoshika injini, vifungo vya usukani, fimbo ya breki, na klipu ya mnyororo. Upande wa klipu uliozibika utazame mnyororo unakokwenda, ukiugeuza, itachomoka.

Ndipo uchukue kle. Jaribu kila ekru, lakini usikaze kama mtu mwenye hasira. Buloni inayokazwa kupita kiasi inanyooka ndani, au meno yake yanakatika, na siku nyingine inavunjika bila kukuonya. Buloni mpya ikitiwa, ikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza, kwa maana inajilaza mahali pake. Ekru yenye pete ya plastiki ndani inashika kwa nguvu ya ile pete. Ukiifungua na kuifunga mara nyingi pete inachakaa, utie mpya. Na usibadilishe buloni ya kitanda kwa msumari wala kwa chuma cha kujengea. Tazama kichwa cha buloni: ile yenye nguvu imeandikwa namba, kama 8.8 au 10.9. Isiyo na namba usiipe kazi ya kubeba mtu.

Na kuna hekima moja ndogo sana. Chukua rangi, hata rangi ya kucha ya akina mama, upige mstari mmoja kutoka kwenye ekru mpaka kwenye chuma kinachoishika. Kesho yake mstari ukiwa umekatika, ekru imezunguka. Hata mtoto anaweza kukuambia. Mwisho, andika katika daftari: tarehe, kilichoonekana, kilichofungwa, na jina la aliyeambiwa. Ndiyo, jina la aliyeambiwa. Daftari hilo lingekuwapo siku zile, jina langu lingekuwa humo.

Tena, ndugu motari, ukiona kifungo kimekosekana na patroni anakuambia «enda tu, Mungu yupo», una ruhusa mbele za Mungu kukataa. Najua ni vigumu. Najua jioni anangojea pesa yake, na watoto wako wanangojea chakula. Lakini abiria aliyeketi nyuma yako hakuona tundu lile. Wewe umeliona. Na ninyi mapatroni mnaomwogopa Bwana, msimfukuze mtu anayekuambia ukweli asubuhi.

Fidia

Baada ya siku ile hospitalini, nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Nilikaa mbele ya mume wake, nikamweleza kila kitu: Jumatatu, mlango, haraka yangu, maombi yangu. Sikutaja shetani. Papa yule alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza: «Pasta, buloni hiyo ni bei gani?»

Nikamtajia bei. Ilikuwa chini ya pesa ya soda tulizowanunulia wageni wa mkutano. Hakusema neno lingine siku ile.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa, nikayaondoa maneno yangu juu ya shetani. Nikasema: kosa ni langu. Wengine walikasirika. Walisema mchungaji asijivue nguo mbele ya kondoo. Lakini Mithali 28:13 inatuambia kwamba afichaye makosa yake hafanikiwi, bali anayeyaungama na kuyaacha hupata rehema.

Na hapa ndipo injili ilipo, wapendwa. Ile sura ya Kutoka 21 haiishi katika mstari wa 29. Mstari wa 30 unafungua mlango: mwenye ng'ombe, mtu aliyejua, mtu aliyeonywa, anaweza kutozwa fidia kwa ajili ya uhai wake. Niliusoma mstari ule nikaanguka chini. Kwa maana Marko 10:45 inamtaja aliyekuja kutoa uhai wake uwe fidia ya wengi. Hakuja kwa watu wa shoka tu, wasiojua. Alikuja pia kwa sisi tuliojua.

Lakini fidia ya Bwana haikuondoa wajibu wangu. Ndiyo maana leo kila Jumatatu saa moja mimi na wazee wawili tunazunguka vyombo vya kanisa kwa mikono yetu: pikipiki, ngazi, mabenchi, nguzo za paa. Fundi akiniambia jambo, silali kabla sijatafuta njia yake. Na kama pesa haipo, chombo kinasimama.

Mama yule anaimba tena katika kikundi cha akina mama. Mume wake bado hajarudi kwenye ibada. Ninamsalimu njiani, naye ananiitikia. Ninamshukuru Mungu kwa hilo, na ninangojea.

Ndugu yangu, dada yangu, kabla hujazima radio: ni nani aliyesimama mlangoni pako Jumatatu, nawe ukamwambia angoje? Inuka. Mtafute leo. Chukua kle mkononi, kisha tuombe.

Bwana Mungu, wewe uliyehesabu vigingi vya hema kwa majina, utusamehe sisi tuliojua tukanyamaza. Uwafariji wanaolia kwa sababu ya uzembe wetu. Uwape motari wetu macho ya kuona, na ujasiri wa kusema. Uwape viongozi masikio. Na mkono wako ulinde mikono yetu tunapofunga kilicholegea. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.